Scholastika na Nepi za Kufua

Mboni, mbona hupokei simu? Natoka kwa mama sasa hivi, bado siamini alichonisimulia.

Unajua mama anavyoimba kila akifua. Kumbe kulishamponza. Mwaka themanini na tatu, Kariakoo nzima haina sabuni, wahujumu uchumi wanaoficha bidhaa wanasakwa, mimi ndio nimezaliwa. Mama anafua nepi uani huku anaimba nyimbo za kanisani, anatabasamu peke yake.

Jirani wa chumba cha mbele akawa anamchungulia. Haikumwingia akilini. Nani anafurahia kufua nepi bila sabuni? Si bure, huyu Scholastika ana katoni ya sabuni kaificha. Akaenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi mwenyewe, Mzee Rajabu, akaja kupekua. Chini ya kitanda, ndani ya masufuria, mpaka kigodoro nilicholalia. Akakuta ndoo ya majani ya mpapai yaliyopondwa. Hayo ndiyo mama alikuwa anafulia.

"Sasa unaimba nini?"

"Namshukuru Mungu, mzee wangu. Nimemwomba miaka mingi anipe nepi za kufua."

Nepi za kufua, Mboni.

Balozi akaondoka. Jirani bado hakuamini. Akapita kwenye kamba, ananusa nepi moja moja. Alipomaliza akaninusa na mimi kichwani. Halafu akanibeba mgongoni, akamwambia mama, "Wewe fua."

Jirani mwenyewe ni mama yako. Ndiyo maana mpaka leo hanisalimii kabla hajaninusa.