Mkono wa Mama Anastazia

Mgeta, Uluguru

Dada Rehema mpenzi,

Nakusalimu kutoka mahali ambapo hata mchana navaa sweta lako la kijani na bado natetemeka. Kabichi za huku ni kubwa kuliko vichwa vyetu, na jana nilikula njegere mbichi mpaka tumbo likalalamika.

Juma lililopita tulipofika na chanjo ya ndui, watu walibaki wameketi, hakuna aliyetaka kuchanjwa. Mkulima mmoja, Mama Anastazia, akasimama. "Mlituchanja zamani, nesi. Haikutoa hata kipele, na ndui ikamchukua mdogo wangu. Hii itafaa nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba dawa ile iliharibika kwa joto njiani, lakini hii mpya ni ya unga, inavumilia; ikishika, baada ya juma ataona lengelenge begani. Akanitazama sana. "Basi nichanje mimi peke yangu. Wengine wangoje waone."

Dada, juma zima sikulala vizuri. Leo asubuhi tumerudi, nikamwona akiteremka mbio kutoka shambani, bega wazi, akipiga vigelegele. "Imeshika, nesi! Imeshika!" Lengelenge limejaa, zuri kama ushanga. Kila mtu alitaka kuligusa, ikabidi niwafukuze! Kisha akaleta wanawe, na nyuma yao kijiji kizima kikapanga foleni kwenye ukungu.

Vidole vimekufa ganzi kwa kuchanja, lakini nacheka peke yangu. Wabusu watoto, mpe Mama shikamoo yangu, nawe ujitunze, dada yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura