Jina Kwenye Kadi ya Kliniki

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua, nimepiga pasi. Mkono ulichukua shati la kazi la Opio kabla sijakumbuka. Miezi mitatu tangu tumzike mume wangu. Akipiga buti rangi alikuwa anapiga mluzi, wimbo mmoja tu, na mwisho wake hakuujua. Kesho kliniki ya wajawazito, mara ya kwanza. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi
Benchi la mbele ni la waliokuja na waume. Hao huhudumiwa kwanza, na wote wawili hupimwa virusi vya ukimwi. Sisi wengine nyuma. Asiye na mume arudi na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kana kwamba tumeiba mimba.
Langoni mwendesha boda akaniambia, "Mama, leo mimi bwana yako. Uninunulie chapati tu." Mwanamke mmoja akasema huyo ameoa kliniki nzima. Nikacheka. Nikakubali.
Tulipimwa. Wote salama.

Jumatano, 5 Machi
Leo ndio nimesoma kadi. Baba wa mtoto: Musa. Amepimwa. Opio hayumo popote. Nimemzika mara ya pili, kwa chapati.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia mama mkwe. Nilidhani atanifukuza. Alimaliza kuchambua mchicha kwanza. Kisha: "Jumanne twende wote. Mimi ndiye niliyemzaa."

Jumanne, 11 Machi
Aliketi benchi la mbele, katikati ya wanaume.
"Jaja, bibi yangu, hapo ni pa waume," muuguzi akasema.
"Mume amekufa. Nimekuja mimi. Nipime."
Nikakiri yote. Uso ulikuwa moto. Muuguzi ni mdogo kwangu, lakini hakunigombeza. Akatazama fomu. Ina nafasi mbili tu: mume amekuja, mume hakuja. Basi. Alisema wajane wote huwaandika "hakuja", na hakuwahi kufikiria. Alikata jina la Musa, akaandika pembeni kwa kalamu: Opio, marehemu.
Barua hakuidai tena kwangu, wala kwa yule msichana aliyekuwa nyuma yangu.
Mama mkwe alipimwa presha. Iko juu, na hakujua. Kapewa dawa. Halafu kimashine kikawekwa tumboni kwangu. Moyo wa mtoto unakwenda mbio. Tuliusikia wote wawili.

Jumatano, 12 Machi
Mvua asubuhi. Mama mkwe hajui kusoma. Ameniomba nimwonyeshe jina liliko. Akaweka kidole hapo, akakaa hivyo mpaka chai yake ikapoa.