Bamba la Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Redio imetangaza. Bibi, meli yetu ya mtoni, atasafiri tena! Jumamosi ya tarehe kumi na tano, akitimiza miaka mia moja. Abiria mia mbili. Chai imenipalia. Mke wangu kanipiga mgongoni huku akicheka, eti nafurahi mpaka nakabwa. Nafurahi wapi.

Jumatano, 5 Machi
Nahodha kaja nyumbani. Mstaafu kama mimi, ila wamemrudisha usukani kwa siku hiyo moja. Kasimulia yote upya: kabla ya daraja, kila gunia la unga na kila kitanda cha hospitali kiliingia mjini kwa Bibi. Mwaka wa mafuriko meli ilibeba watu siku tatu moto wa boila haujazimwa. Mji mzima ulirekebisha saa kwa honi yake. Mke wangu akadakia kwamba yeye alizaliwa humo humo, katikati ya mto. Hilo hawezi kulinyamazia.

Kisha Nahodha akatoa daftari langu la mwisho la ukaguzi. Lina miaka tisa, tangu Bibi afungwe gatini. Safari hii wamepima injini tu. Tumbo la meli wameliacha, maana daftari linasema zima.

"Mwandiko wako huu," akasema, "ndio unaonipa usingizi."

Mimi tangu hapo sina usingizi.

Jumamosi, 8 Machi
Basi niandike. Kazi yangu ilikuwa kugonga tumbo la meli. Bamba baada ya bamba, nyundo ndogo na sikio. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilicholiwa na kutu kinatoa mlio mfu. Kizima unakichorea duara kwa chaki, kibovu unakipiga mkasi, yaani alama ya X.

Lakini miaka ishirini na saba kando ya boila ilinimaliza masikio. Mwaka wa mwisho sikusikia tofauti yoyote. Ningesema, wangenipeleka stoo — mimi, Sikio la Gati, ndivyo walivyoniita! Nikagonga, nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia, nikachora duara. Mabamba yote arobaini na mawili. Kiburi tu, wala si kingine. Najuta. Najuta mno.

Jumanne, 11 Machi
Nimekwenda ofisi ya bandari. Nimefika mlangoni. Nimerudi.

Gatini wanapaka Bibi rangi nyeupe. Fundi cherehani wa pale ananionyesha tiketi mbili, yake na ya mama yake. Mama hajapanda tangu usichana wake. Nimempa hongera. Mnafiki mkubwa mimi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia mke wangu. Nilianza kwa kuzungukazunguka, akanikatiza.

"Nakuita mara tatu ndipo ugeuke. Ulidhani sijui?"

Kumbe! Miaka tisa najificha nyuma ya kidole. Ila habari ya daftari hakuijua. Akaosha sahani ile ile mara mbili. Halafu akauliza nyundo iko wapi.

Ipo, chini ya kitanda. Kesho tunakwenda wote: mimi nigonge, yeye asikilize. Nimemfundisha kwa sufuria, nzima na ile yenye ufa. Hakukosea hata mara moja.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemweleza Nahodha asubuhi, gatini, mbele ya mke wangu. Daftari lile ni uongo. Sikuwa nasikia. Hakufoka — heri angefoka. Alivua kofia, akaitazama meli, akatufungulia mlango wa chini.

Sasa tuko tumboni. Kuna harufu ya rangi mpya na maji ya zamani. Mke wangu kashika taa. Bamba zima anainua kidole, mimi nachora duara. La kwanza hadi la kumi na nane, kidole. Nilianza kupumua, nikajiambia labda Mungu alinisitiri.

La kumi na tisa liko chini ya boila. Nimegonga. Kidole hakijainuka. Ameniambia nirudie. Nimerudia. Kwangu mimi, kimya kile kile cha miaka tisa.

Nahodha yuko juu ya ngazi, naona midomo yake inacheza. Lazima anauliza kama tunasafiri. Mke wangu ananitazama mimi, machozi yamemlengalenga, mkono kaunyoosha. Anataka chaki.

Ninayo mfukoni. Nimemwomba dakika moja niandike kwanza haya —