Kipande cha Kwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakufikia ukiwa mzima, na kwamba goti lako la kushoto limepoa, na kama halijapoa basi walau umeacha kulipandisha ngazi bila sababu. Sisi hatujambo. Baba Kifungo anakuamkia sana. Mjukuu wako naye hajambo kupita kiasi. Ameanza kutembea kwa kushika kuta, na meno yametoka juu na chini, kwa hiyo hakuna kitu humu ndani kisicho na alama zake, kuanzia viatu vya baba yake hadi ukingo wa meza. Pua bado ni ile ile ya kifungo cha shati, na jina ulilompa linazidi kumkaa.

Barua yako tumeipata. Nimefurahi kusikia kwamba umekubali kuja kukaa nasi moja kwa moja, kwamba nyumba umempangisha yule muuguzi, na kuku umemwachia shangazi. Umeandika kwamba nguo zako zote zimeenea kwenye begi moja, na kwamba begi la pili ni la sufuria zako za kuokea mkate, kwa sababu zangu, kwa maneno yako mwenyewe, zinafaa kuwawekea kuku maji. Nilicheka niliposoma hapo. Halafu nikaikunja barua, nikakaa kitako.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Mama, kila nikikupigia huwa nimedhamiria kusema jambo moja, lakini ukishaniuliza kama nimekula, ulimi unakuwa mzito na ninaishia kuuliza habari za mvua. Kwenye karatasi hunikatizi.

Naanzia mbali kidogo, univumilie. Unakumbuka ulivyoniita Kiroboto kwa sababu sikutulia hata wakati wa kusukwa nywele. Kiroboto huyo alinitoka zamani. Nilipokuwa mjamzito nilichoka, nikasema ni mimba. Nilipojifungua nikasema ni kunyonyesha. Lakini haukuwa uchovu wa kazi, ule ambao mtu akilala anaamka umeisha. Huu nilikuwa naamka nao, kama mtu aliyefunikwa blanketi bichi akaambiwa atembee nalo. Macho yalikuwa wazi, watu walinisemesha, nikawajibu, na nusu ya niliyoyajibu sikuyajua.

Kazini unajua ninachofanya, nasaga lenzi na kuzitia kwenye fremu katika kile chumba cha nyuma ya duka la miwani. Siku moja mwalimu mkuu mstaafu alirudi dukani akinyanyua miguu juu kama anayevuka mto, akalalamika kwamba ngazi za nyumbani kwake zimeanza kumkwepa. Bosi akaitazama miwani yake. Lenzi ya kulia nilikuwa nimeitia kushoto, na ya kushoto kulia. Mzee wa watu alicheka, akasema afadhali ni miwani, maana alishaanza kuandika wosia. Bosi hakucheka. Aliniondoa kwenye mashine akanipa kitambaa, na hadi leo napangusa fremu za kabatini na kupokea wateja. Hilo nalo sikukwambia, ulikuwa ukijisifu kwa watu kwamba mwanao ni fundi.

Kila mtu alikuwa na tiba yake. Jirani wa juu aliapa kwamba nina mimba nyingine. Wifi yangu akasema nakaa sana, mwenzangu wa kazini akasema nasimama sana. Nikapimwa damu, ikaonekana safi, nikaambiwa nipumzike, kana kwamba kuna kitu kingine nilichokuwa nikifanya. Mwisho daktari mmoja mama, mpole, akaniambia niache baadhi ya vyakula halafu nivirudishe kimoja kimoja tuone. Nilipoacha ngano na maziwa, Mama, blanketi lilinitoka. Nilipika, nikafua, nikamrusha Kifungo juu hadi baba yake akanizuia. Niliporudisha ngano nikalala hadi kesho yake mchana. Niliporudisha maziwa, hivyo hivyo. Daktari akasema si ugonjwa wa kuniua wala wa kupewa dawa, ila mwili wangu haupatani na vitu hivyo, basi nivikwepe.

Kukwepa ni neno jepesi sana. Unga wa ngano umo hadi kwenye supu, wameutia ili iwe nzito. Maziwa ya unga yamo ndani ya vitu visivyo na sura ya maziwa. Dukani nasimama nikisoma maandishi madogo ya pakiti hadi muuzaji anauliza kama nanunua au najiandaa kwa mtihani. Kazini wakikata keki nasema nimeshiba, nao wanaona naringa. Na hata nikila viazi na mboga tu, kijiko kilichokorogea chai ya maziwa kikipita kwenye sufuria yangu, kesho sina mwili. Kuna siku naanguka na sijui nilikula nini. Hizo ndizo zinazonikatisha tamaa.

Sasa nafika panaponiuma. Haya yote nilikuwa nimeshayajua Baba alipotutoka. Nilikuwa nimeshayajua tulipokuleta hapa kwetu baada ya mazishi. Unajua ulivyokuwa. Ulikaa kwenye kile kiti cha mlangoni mwa jikoni, na gauni lile lile, hutaki kuoga, hutaki kula, ukisemeshwa unatazama sakafu. Baba Kifungo alikuwa akinong'ona chumbani kwamba tutakupoteza na wewe. Halafu asubuhi moja nikasikia kabati linafunguliwa. Nilipotoka nikakukuta umekunja mikono ya gauni, unakanda unga. Sikuthubutu hata kukusalimu. Ulipoutoa mkate ulikata kipande cha kwanza, cha pembeni, ukakipaka siagi, ukanishikisha mkononi kikiwa cha moto kama ulivyonifanyia nilipokuwa mdogo. Ukasema, "Kula, mwanangu, nikuone ukila." Ndiyo maneno ya kwanza uliyotamka tangu tumzike Baba.

Ningefanyaje? Nilikula. Ukatabasamu, ukaenda kuoga.

Kesho yake ukaoka tena. Ukaanza kumbeba Kifungo, ukamtania mkweo, ukamsimulia jirani visa vya Baba na kucheka hadi ukafuta machozi. Kila siku ulipata nguvu kidogo, na kila siku mimi nilizikosa, na nilijua sababu. Baba Kifungo alijua pia. Alinisihi nikwambie, nikamjibu kwamba nitakwambia kesho. Wewe ulidhani usingizi wangu ni majonzi ya Baba, ukaniongezea siagi.

Kuna siku ulitoka kwenda dukani kununua unga. Ilikuwa mchana. Nilikuwa namwogesha Kifungo kwenye beseni la bluu, nimekaa kwenye kigoda, mkono wangu mmoja nimeuweka mgongoni kwake. Ninakumbuka nikimpaka sabuni kichwani. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilizinduka nikisikia Baba Kifungo akiita jina langu, lile la kwenye cheti, ambalo halitumii kamwe. Alikuwa amerudi kuchukua funguo alizosahau. Mtoto alikuwa mikononi mwake, kichwa chini, anampiga mgongoni, na maji yanamtoka puani. Alikuwa ametelezea ubavu, mdomo ndani ya maji. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya beseni, Mama. Nilikuwa nimeushika ukingo wa beseni nikidhani nimemshika yeye.

Alikohoa, kisha akalia, na sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile. Ulipoingia na unga wako ulitukuta watatu kitandani, mtoto amefungwa taulo. Ukauliza kuna nini. Nikakwambia amepaliwa na uji. Ukampuliza utosini, ukaenda jikoni.

Na jioni ile, ulipoutoa mkate, nilikula kipande cha kwanza.

Hilo ndilo lililonishinda kukwambia hadi leo. Kulala ni mwili, lakini kula kwa jioni ile ni mimi. Ulikuwa umenyoosha mkono, na uso wako ulikuwa umechangamka, nami sikuweza kukataa.

Baba Kifungo hakugombana na mtu. Ulipoondoka, mimi nikarudia viazi vyangu. Barua yako ilipofika aliisoma mara mbili, akaiweka mezani, akasema, "Mama ni mama yangu pia, na aje, hapa ni kwake. Lakini siku nitakayokuona unakula ule mkate, mtoto nampeleka kwa dada yangu." Na ana haki.

Basi nakuomba, Mama, uje na begi moja. Zile sufuria mwachie shangazi. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu naogopa ukija bila kazi ya mikono utarudi kwenye kile kiti cha mlangoni, na safari hii sina cha kukuinua. Nimewaza viazi, nimewaza wali, lakini hakuna kinachokandwa kikaumuka kama ule mkate wako. Huenda nakuua kwa kukwambia, na nisipokwambia sijui nani ataumia.

Na ukija nazo, sitaweza kukukatalia. Nakwambia mapema ili ujue. Nimejaribu mbele ya kioo, nikasema hapana, asante, Mama, na hata kioo hakikuniamini. Ukinishikisha kipande cha kwanza, nitakula.

Msalimie shangazi, na yule muuguzi mwambie bomba la jikoni lifungwe kwa nguvu. Kifungo anakuamkia kwa lugha yake. Kitanda chako tumekitandika upande wa dirishani, na kile kiti bado kipo pale pale, sijakigusa.

Ni mimi mwanao,
aliyekuwa Kiroboto