Mkono wa Kushoto wa Boazi

Jumapili, 11 Januari
Vidole vinauma. Wino umeingia hadi chini ya kucha. Nimemaliza kuchonga ubao wa kupigia chapa ya Ruthu: mwanamke mgeni anaokota masuke nyuma ya wavunaji, na Boazi, mwenye shamba, anampa mkate. Nimeunakili kutoka kitabu cha chapa za kale za Uholanzi. Waholanzi walimvisha Ruthu nguo za wakulima wa kwao, wala hawakumwomba mtu ruhusa. Wangu nimempa uso wa Grace, Mganda anayetufanyia kazi hapa nyumbani, mtaani Hail. Kisa chenyewe, cha Biblia, yeye ndiye aliyenisimulia, huku anakata vitunguu. Kuhusu uso alicheka, akakubali. Picha hii ni ya maonyesho, yangu ya kwanza. Nayataka mno.

Jumatatu, 12 Januari
Chapa ya kwanza. Balaa. Chapa hutoka kinyume cha ubao, na mimi nilisahau kuugeuza mchoro kabla ya kuchonga. Sasa Boazi anatoa mkate kwa mkono wa kushoto. Nimelia kwa hasira.

Mama kaja kutazama. "Aibu hiyo, mwanangu. Nani anampa mtu chakula hivyo?"

Jumatano, 14 Januari
Asubuhi nilipeleka chapa mjini Ruwi, kwa Bwana Salim, msimamizi wa maonyesho. Mkono kauona mara moja. "Watu watausema huo. Chonga upya, ama uitoe picha."

Nikakubali. Nikarudi nyumbani kuchonga.

Chakula cha mchana, Mama: simu mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anampa Grace sahani yake. Kila siku ni hivyo hivyo, na hakuna anayetaja aibu. Sichongi upya.

Alhamisi, 15 Januari
Nimempigia Bwana Salim. Mkono unabaki. Kanitoa kwenye maonyesho, kwa upole, kama anavyofanya kila kitu. Imeniuma. Sijuti.

Picha nimeitia fremu, nimeitundika chumba cha kulia, mbele kabisa ya kiti cha Mama. Grace kaniuliza, "Una uhakika, madam?" Ninao.

Ijumaa, 16 Januari
Biriani. Kaka na wifi waliitazama picha, kisha wakatazama sahani zao.

Mama alikuwa anaongea na shangazi kwenye simu. Akaichukua sahani ya Grace kwa kushoto. Akasita. Akailaza simu mezani, shangazi bado anasema peke yake, akaihamishia sahani mkono wa kulia. Hakunitazama.

Grace akaipokea kwa mikono miwili. Tukala.