Mgeni wa Siku ya Kumi na Moja

Shikamoo Bibi. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana huku Uswidi hakuna anayeijua.

Pale stendi Handeni ulinishika mkono ukasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu uombe jembe." Nimeomba, Bibi. Nikigusa sahani, mama wa familia nitakayokaa nayo mwaka huu wa masomo ananipokonya huku anacheka: "Kaa upumzike." Nikitafuta ufagio, kuna mashine inazunguka sakafuni yenyewe kama kobe. Wenyewe wakienda kazini nabaki mezani na mkate mkavu, namtazama kobe. Ni watu wema, ila mikono yangu haina pa kukaa.

Leo, siku ya kumi na moja, nimeamka theluji imefika magotini. Mama akagonga mlango wangu ameshika machepe mawili. Moja akanipa mimi. "Pumzika" hakusema.

Tukazoa, yeye mlangoni, mimi kuelekea getini. Alipomaliza akaniita chai. Nikamwambia bado kidogo. Nikapita geti, nikaendelea kuzoa barabara ya watu, kama vile nikikazana nitatokeza kwetu Kang'ata, nikukute umeinama kwenye mahindi. Nilipoinua kichwa palikuwa peupe tu.

Mgongo huo uuonee huruma, Bibi. Lima kidogo kidogo, na mahindi mabichi kuleni bila kunisubiri. Ila ngwe yangu ya shambani usimpe mtu.

Mjukuu wako,
Mwanaidi