"Get" ya Stella

Jumanne, Butimba

Sasa naelezwa maana ya "get" na mume wangu, mimi niliyeifundisha shuleni hadi chaki ikanichubua vidole.

Masanja amerudi kutoka masomo ya jioni kwa Stella, jirani yetu aliyekuja na Kiingereza chake kutoka Nairobi. Kiwandani kwao, tangu wazungu waanze kununua minofu ya sangara, asiyejua Kiingereza hapandi cheo. Sawa, asome. Lakini ndani ya nyumba hii hakuna mwalimu?

Nimempakulia ugali na mapanki, ile mifupa ya samaki tunayoachiwa minofu ikishapanda ndege. Kabla hajamega tonge ameanza: "Mama Neema, kumbe 'get' ina kazi nyingi! Ukipokea barua, 'get'. Ukifika nyumbani, 'get'. Ukizeeka, 'get'. Hata ukimwelewa mtu, ni hiyo hiyo. Stella anaeleza mpaka raha."

Mpaka raha.

Nikamuuliza yuko wapi yule sato, samaki mzima, niliyeahidiwa asubuhi.

"Nimempa mwalimu. Ningeendaje mikono mitupu?"

Mwalimu! Na mimi ni nani?

"Na kuoa je?" nikamwambia. "Hiyo nayo ni 'get'. Hajawafundisha?"

Akachokonoa mfupa, wala hakunitazama. "Hiyo amesema kesho."

Haya. Kesho jioni na mimi nitakuwepo, benchi la mbele kabisa. Na sitakwenda mikono mitupu. Nitampelekea Stella mapanki.